Dereva anapougua: maswali yanayoulizwa mara kwa mara Unguja na Pemba

Mimi ni muuguzi, na miaka yangu mingi ya kazi nimeipitisha katika kituo cha afya kisiwani Pemba. Ukurasa huu umetokana na safari moja ya jioni kutoka Chake Chake kwenda Wete. Nilikaa kiti cha mbele, ubavuni mwa dereva. Tulipokuwa tukiteremka kilima, mkono wake wa kushoto ukaanza kucheza juu ya gia, mdomo ukapinda, macho yakaacha njia. Gari ikatoka kwenye lami, ikapita juu ya majamvi ya karafuu yaliyoanikwa kando ya barabara, ikasimama kwenye migomba. Tulitoka wote wazima. Konda, huku akimfuta dereva povu, akaniambia kwa sauti ya chini: "Huwa yanamjia, halafu yanaondoka."

Konda alijua. Baadaye nikafahamu kuwa tajiri wa gari naye alijua, na mke wa dereva pia. Na mimi nilijua, kwa sababu kila mwezi mtu yule alikuja dirishani kwangu kuchukua vidonge vya kifafa. Sikuwahi kumuuliza anafanya kazi gani.

Tangu siku ile namuuliza kila mgonjwa wa kifafa, sukari, kiharusi na macho: unaendesha chombo? Na wao wananiuliza mimi. Haya ndiyo wanayoyauliza.

Mwenye leseni si ameshapimwa na kuruhusiwa?

Leseni inaonesha kwamba siku ile ulijua kuendesha. Haijui kilichokufika jana. Mtu anapata leseni akiwa na miaka ishirini na macho ya kunguru, akifika hamsini ana mtoto wa jicho, na kadi iliyomo mfukoni ni ileile.

Zanzibar ina sheria yake ya mambo haya, Sheria ya Usafiri Barabarani Namba 7 ya 2003, na leseni yake, kwa kuwa usafiri wa barabara si jambo la Muungano. Polisi anayekusimamisha ni wa Jeshi la Polisi la Tanzania, ambalo ni la Muungano. Nalitaja hili kwa sababu wapo wanaosoma kanuni za Bara wakadhani ndizo zetu neno kwa neno. Unapotaka kujua kanuni inayokuhusu, uliza ofisi ya leseni ya hapahapa.

Ni maradhi gani hasa yanayomhusu dereva?

Usianze na orodha ya majina ya maradhi. Jiulize mambo matatu. Je, naweza kupoteza fahamu ghafla? Je, naona vya kutosha, mbele na kandokando? Je, mikono, miguu na akili yangu vinanitii kwa wakati? Jibu likiwa na shaka katika moja tu, hapo pana mazungumzo na daktari kabla ya safari nyengine.

Gari inayokwenda kilomita 60 kwa saa hupita karibu mita 17 kila sekunde moja. Ukipotea sekunde nne, umeshakwenda kiasi cha mita 67 bila dereva. Barabara zetu hazina mita 67 zisizo na mtu: pana watoto wanaotoka skuli, mzee juu ya baiskeli, gari la ng'ombe lisilo na taa, mbuzi.

Nina kifafa. Ndiyo basi, sitoendesha tena maisha?

Si lazima iwe hivyo, na nataka hili lisomwe kwa utulivu, kwa sababu hofu ya kunyang'anywa leseni ndiyo inayowafanya watu wafiche.

Kifafa ni maradhi ya ubongo. Wagonjwa walio wengi, takriban saba katika kumi, wanaweza kuishi bila kuanguka kabisa wakipata dawa inayowafaa na wakaimeza kila siku. Kinachoangaliwa kwa dereva ni muda uliopita tangu kifafa cha mwisho. Uingereza, kwa mfano, mwenye gari yake binafsi kwa kawaida hutakiwa amalize miezi 12 bila kuanguka. Kwa mwenye basi au lori kipimo ni kizito zaidi: miaka 10 bila kuanguka, na miaka hiyo 10 awe hatumii dawa za kifafa. Tofauti hiyo ina maana yake. Anayebeba abiria anakaa nyuma ya usukani kutwa nzima, na chombo chake kikienda kombo hakiumizi mtu mmoja.

Mimi huwaambia wagonjwa wangu hivi: kuanzia leo weka ufunguo chini. Chukua kalenda, tia alama siku ya kifafa cha mwisho, anza kuhesabu. Kikirudi, unaanza upya. Mtu akihesabu mwenyewe hukubali kuliko akiamriwa.

Mambo mawili hurudisha kifafa kuliko mengine yote: kuruka dawa na kukosa usingizi. Usingoje kidonge cha mwisho kiishe ndipo uje kituoni. Njoo zikibaki za wiki nzima, ili tukikosa sisi upate nafasi ya kutafuta kwengine. Daktari anapokubadilishia au kukupunguzia dawa, hicho ni kipindi cha hatari, kaa mbali na usukani hadi aseme.

Na tusisahau kwamba kifafa si kuanguka na kutoka povu peke yake. Kuna kile cha kuduwaa: mtu anakodoa macho sekunde kadhaa, hajibu, anatafunatafuna mate, halafu anaendelea na mazungumzo kama hakuna kilichotokea. Nyumbani watasema "ana mawazo". Barabarani, huyo ni dereva aliyelala macho wazi.

Kwetu wanasema hiki changu si kifafa, ni jini. Nifanyeje?

Sitogombana na wazee wako. Nitakuomba jambo moja. Liite unavyoliita, lakini kama linakuondolea fahamu, usiendeshe, na vidonge usiviache. Wengi wanaokwenda kusomewa wanakuja kwangu pia, na hakuna ubaya. Ubaya ni pale mtu anapoambiwa "umeshapona, tupa dawa", akatupa, akarudi kwenye gari wiki ileile. Jini au kifafa, mtoto anayevuka barabara hagongwi kwa tofauti.

Nina sukari na natumia sindano. Ninaweza kuendesha?

Unaweza, ukijipima. Hatari kubwa kwa dereva ni sukari kushuka, maana kupanda hukuharibu polepole lakini kushuka hukuangusha ndani ya dakika. Jasho la ghafla, kutetemeka, njaa ya ajabu, ulimi mzito, hasira isiyo na sababu: hizo ni dalili. Abiria wakimuona dereva wa namna hiyo husema amelewa.

Kipimo wanachofundishwa madereva wa sindano Uingereza nimekichukua na nakifundisha, kwa sababu hakihitaji zaidi ya mashine ndogo ya kupimia. Pima ndani ya saa mbili kabla ya kuondoka, kisha kila saa mbili safarini. Ikiwa 5 au zaidi (kwa mashine inayosoma mmol/L), nenda. Ikiwa kati ya 4 na 5, kula kwanza. Ikiwa chini ya 4, huendeshi: kunywa vijiko vitatu vya sukari vilivyokorogwa kwenye maji, au soda ya kawaida, halafu kula kitu kama mkate au muhogo, na baada ya sukari kurudi ngoja dakika 45. Watu hunibishia hizo dakika 45. Sukari ya damu hurudi upesi, akili huchelewa. Ndiyo sababu.

Weka kitu kitamu ndani ya gari pahala mkono unapofika. Tende, peremende, paketi ya sukari. Usiweke kwenye buti.

Wasiotumia sindano nao wasijione salama moja kwa moja. Glibenklamaidi, kidonge kinachotumiwa sana kwetu, kinaweza kushusha sukari vibaya. Metifomini peke yake ni nadra kufanya hivyo. Muulize anayekupa dawa: hiki kinashusha hadi kuangusha?

Na Ramadhani?

Hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa kila mwaka naliona.

Saa kumi za jioni hadi magharibi ndiyo wakati sukari ya mfungaji iko chini zaidi, maji yamepungua mwilini, usingizi wa daku unadai haki yake, na kila mtu anakimbilia futari. Wakati huohuo ndio barabara ya Chake na ile ya Mkoani zinapojaa. Mgonjwa wa sukari anayetumia sindano na anaendesha abiria saa hizo amejikusanyia hatari zote kwa pamoja.

Nenda kwa daktari mwezi mmoja kabla, si siku ya kuandama mwezi. Dozi huenda ikabadilishwa. Kujichoma kidole kupima sukari hakubatilishi saumu kwa kauli ya wanavyuoni wengi, na ukiwa na shaka muulize shekhe wako mapema. Ukijipima jioni ukakuta chini ya 4, ni kula palepale, hata kama adhana imebaki dakika kumi. Qur'ani imempa mgonjwa ruhusa ya kula na kulipa siku nyengine, Suratul Baqara aya ya 184 na ya 185. Nimewaona wazee wenye imani kubwa wakikataa ruhusa hiyo kwa kuona haya ya watu. Haya ya watu haimo katika aya.

Tajiri wa gari anayesoma hapa: Ramadhani mpunguzie dereva hesabu, au mpe deiwaka wa kushika gari jioni. Atakushukuru, na gari yako itarudi.

Baba yangu ana miaka sabini na zaidi na bado anaendesha. Nitajuaje kuwa wakati umefika?

Umri peke yake haumzuii mtu. Uingereza mwenye miaka 70 hutakiwa kuihuisha leseni, kisha kila baada ya miaka mitatu, na wengi huihuisha wakaendelea. Angalia mambo, usiangalie mvi.

Gari ina mikwaruzo mipya asiyoikumbuka. Anapita nyumba ya mtu aliyemzuru miaka thelathini. Anakanyaga mafuta pale alipotaka breki. Taa za gari zinazomkabili usiku zinamfanya asimame katikati ya njia. Wajukuu hawataki tena kupanda naye, na hawasemi kwa nini. Hili la mwisho lichukulie kwa uzito, maana watoto huona kabla yetu.

Kwa macho, kuna kipimo rahisi cha nyumbani. Mpeleke nje mchana, msimamishe mita 20 kutoka gari nyengine, yaani kiasi cha hatua 25 ndefu za mtu mzima, mwambie asome namba kuanzia ile Z ya mwanzo. Hicho ndicho kipimo cha macho cha dereva Uingereza. Akishindwa hata kwa miwani yake, hafai kuendesha hadi aonwe na watu wa macho.

Wengi tunaowapeleka hukutwa na mtoto wa jicho, na hiyo ni habari njema, kwa sababu upasuaji wake ni mfupi na mtu hurudi kuona. Bibi mmoja alinishika mkono siku ya pili yake akasema hakujua kuwa mlango wa kituo chetu ni wa buluu. Habari mbaya zaidi ni presha ya macho, ile iitwayo glakoma. Haiumi. Inakula uonaji wa pembeni polepole, mtu akiangalia mbele anaona vizuri, kumbe baiskeli inayochomoza kandoni haioni kabisa. Kilichopotea hakirudi, ila dawa huzuia kisiendelee kupotea. Mwenye mzazi au ndugu mwenye glakoma na apimwe mapema.

Nimepata kiharusi kidogo, sasa najisikia mzima.

Mwezi mmoja usiendeshe, huo ndio muda wa chini unaotumika Uingereza kwa gari binafsi, kisha daktari akuangalie. Mguu na mkono watu huwa wanavikumbuka. Wanachosahau ni macho na akili: kiharusi kinaweza kukufutia upande mzima wa unachokiona, na wewe mwenyewe usijue. Ukiona unagonga mlango kwa bega lilelile kila siku, mwambie daktari.

Mwenye shambulio la moyo husubiri wiki moja hadi nne huko kwa gari binafsi, kutegemea matibabu aliyopata. Presha ya kupanda peke yake haimzuii mtu, isipokuwa ikiwa juu mno au vidonge vinamtia kizunguzungu akisimama.

Dawa gani nijihadhari nazo?

Zile zinazotia usingizi, na nyingi zinauzwa dukani kama karanga. Dawa za mafua na mzio kama klofeniramini, ambayo wengi mnaijua kwa jina la Piriton. Diazepamu. Amitriptilini wanayopewa wenye maumivu ya mishipa na wasiopata usingizi. Tramadoli. Fenobabito katika wiki za mwanzo. Dawa ya kikohozi yenye kodeini. Usiku unalala vizuri, alfajiri unaona uko sawa, dawa bado imo.

Dozi ya kwanza ya dawa yoyote mpya inywe siku usiyoendesha.

Kuhusu mirungi na unga, sitoandika mengi: vyote haramu kisheria, vyote vinaua barabarani. Anayetaka kuacha unga ajue kwamba Unguja ipo kliniki ya methadoni, na anayeanza methadoni naye asiguse usukani mpaka dozi itulie na madaktari waseme.

Kuchoka nako ni maradhi?

Si maradhi, ila matokeo ni yaleyale. Mtu aliyekaa macho saa 17 mfululizo huendesha kama aliyetiwa pombe ya kiwango cha asilimia 0.05 katika damu yake. Dereva anayeamka saa kumi usiku kuwahi abiria wa boti Mkoani ameshazifikisha saa hizo ikifika saa tatu usiku. Kahawa husaidia muda mfupi. Kufungua dirisha na kutia redio kwa sauti hakusaidii. Kinachosaidia ni kuegesha na kulala dakika ishirini.

Lakini kuna wanaolala saa nane na bado wanasinzia kwenye usukani. Muulize mke: anakoroma sana? Pumzi hukatika halafu akashtuka kama aliyezama? Hiyo ni shida ya pumzi usingizini, ina matibabu, na kwa mnene hupungua akipunguza uzito.

Kiziwi, au mwenye jicho moja, au aliyekatwa mguu?

Kutosikia hakumfanyi mtu kuwa dereva mbaya, na nchi nyingi huwapa viziwi leseni ya gari ndogo. Jicho moja linatosha kwa gari binafsi mahali pengi, maadamu hilo lililobaki ni zima na mtu amelizoea. Aliyekatwa mguu anaweza kutengenezewa gari la kuendeshwa kwa mikono. Watu hawa wengi huwa waangalifu kuliko sisi. Msiwaweke kapu moja na anayeficha kifafa.

Nimwambieje mtu mzima aache kuendesha? Ami yangu atanifukuza.

Usimwambie mbele za watu, wala siku aliyokwaruza gari. Mwache apumue. Mchague anayemsikiliza: mara nyingi ni dada yake mkubwa, au rafiki wa barazani, au imamu. Wakati mwengine ni mjukuu wa miaka saba.

Usianze na neno "umezeeka". Anza na ulichokiona: "Ami, juzi pale Gombani ulipita bila kumuona yule mama mwenye ndoo. Mimi nilishika kiti." Halafu nyamaza. Akikasirika, usijibu. Mwombe mwende pamoja kupimwa macho, si kuacha gari. Daktari akisema, lawama si yako.

Na uje na jawabu la safari zake. Nani atampeleka msikitini Ijumaa? Nani atamfikisha shamba wakati wa karafuu? Mzee anayenyang'anywa ufunguo bila kupewa njia nyengine hatochelewa kuupata mwengine.

Kumripoti dereva mgonjwa si fitina? Na sisi tumeamrishwa kumsitiri mwenzetu.

Swali hili ndilo lililonifunga mdomo miaka yote ile, kwa hiyo nitalijibu kwa urefu.

Sitara ni kwa aibu. Jirani amegombana na mkewe, binti wa fulani amekosea, mtu amefilisika: hayo yafunike. Maradhi ya mtu nayo yafunike, usiyatangaze barazani wala kwenye kundi la simu. Lakini gari yenye abiria kumi na nane inayoendeshwa na mtu anayepoteza fahamu si aibu ya mtu mmoja. Ni hatari ya watu kumi na nane ambao hawakuulizwa. Mtume, rehema na amani zimshukie, amesema hakuna kudhuru wala kudhuriana. Ukimfunika dereva, umewafunua abiria.

Fitina ina alama zake: anayeifanya anataka mtu aanguke, anazungumza na kila mtu isipokuwa yule anayeweza kusaidia, na anaongeza chumvi. Anayeripoti vyema anataka mtu apone, anazungumza na yule mmoja anayeweza kuchukua hatua, na anasema alichokiona tu. Jipime kwa hayo kabla ya kufungua mdomo. Kama mlikuwa na ugomvi wa kiwanja na mtu huyo, mwache mwengine aseme.

Na fikiri upande wa dereva mwenyewe. Siku ile ya safari ya Wete, kama ile migomba ingekuwa watoto, yule bwana angeamka kutoka kwenye kifafa akiwa muuaji. Hakuna aliyemsitiri na hilo.

Nimuone nani, na kwa mpango gani?

Kama hatari iko mbele yako sasa hivi, dereva anasinzia au gari inayumba kati ya pande mbili za njia, simamisha gari ushuke, au piga 112. Hapo hakuna mashauriano.

Kama si dharura, anza na mwenyewe. Wengi huacha wakiambiwa na mtu mmoja kwa upole. Ikishindikana, nenda kwa jamaa zake, kisha kwa tajiri wa gari, kwa kuwa yeye anaweza kuuchukua ufunguo leo bila barua. Viongozi wa madereva pale kituoni nao wana sauti. Ikiwa ni gari au vespa ya nyumbani, sheha anaijua shehia yake na anaweza kuwakalisha. Vikigonga mwamba vyote, nenda polisi wa usalama barabarani, kwa miguu yako, ukaseme na mkubwa wa zamu.

Ngazi hizi si lazima uzipande zote. Ukiona tajiri anakuzungusha huku gari inaendelea kubeba watoto wa skuli, ruka.

Niseme nini nikifika?

Namba ya gari, njia inayopita, siku na saa, na ulichokiona kwa macho yako. "Jumanne, saa mbili asubuhi, alikodoa macho, hakujibu konda, gari ikaingia mtaroni." Usiseme "ana kifafa". Hilo ni la daktari, na ukikosea umemchafua mtu.

Daktari au muuguzi atanitangaza nikisema kuwa mimi ni dereva?

Siri yako ni amana, na kanuni ni kwamba haitoki bila ruhusa yako. Ina mpaka pale maisha ya wengine yanapokuwa hatarini. Dunia hawakukubaliana mpaka huo uwe wapi. Jimbo la Ontario, Kanada, limemlazimisha daktari aripoti. California vilevile kwa maradhi ya kupoteza fahamu. Uingereza wajibu wa kwanza ni wa dereva mwenyewe, na daktari huripoti pale anapoona mgonjwa kakataa kuacha.

Mimi napendelea njia hiyo ya tatu. Kila mgonjwa akijua kuwa kusema ukweli kutamfikisha polisi siku hiyohiyo, hatosema, na hatokuja kuchukua dawa, na tutakuwa na kifafa kisichotibiwa njiani. Ninachokifanya ni kumwambia mgonjwa usoni: nakupa nafasi umwambie tajiri wako, ukikataa ukaendelea kubeba watu, nitalipeleka kwa daktari wangu tuamue, na utakuwa wa kwanza kujua. Sijawahi kumzunguka mtu mgongoni.

Mimi ni tajiri wa gari. Hayo yananihusu vipi?

Yanakuhusu kuliko mtu yeyote, maana wewe ndiye mwenye ufunguo na mwenye hesabu. Muulize dereva kabla ya kumwajiri, na muulize tena kila mwaka. Mwambie waziwazi kuwa akiugua hatokosa kazi nyengine kwako. Dereva anayejua kuwa neno "naumwa" ni sawa na "nimeachishwa" hatolitamka kamwe. Na ukiletewa habari, usimpigie dereva simu kumuuliza "nani kanisemea", muulize hali yake.

Dereva akianguka tukiwa safarini, abiria afanye nini?

Aliye mbele ashike usukani, aelekeze gari kushoto pasipo na watu. Toa gia, yaani iweke huru, ili mguu uliokwama kwenye mafuta usiisukume. Vuta breki ya mkono kidogokidogo. Zima injini lakini usiuchomoe ufunguo gari ikiwa inakwenda, usukani unaweza kujifunga. Ikisimama, mlaze kwa ubavu, legeza kola, tazama saa. Usimtie kijiko wala kidole mdomoni, usimkandamize. Kikipita dakika tano, au kikirudi kabla hajazinduka, apelekwe spitali mbio.

Yule dereva wa Wete yuko wapi sasa?

Nilikwenda kwake siku ya tatu, nikamwomba radhi kwa kutomuuliza. Mkewe alitoa chai, akakaa mlangoni, akalia kimya. Alikuwa akimngoja kila usiku bila kulala, miaka sita.

Tajiri alimpa kazi ya kutengeneza matairi palepale kituoni, kwa malipo madogo kuliko ya udereva, na mtoto wake mkubwa ndiye anayeshika gari. Vidonge anavimeza saa mbili asubuhi na saa mbili usiku, konda humkumbusha. Anajua kwamba abiria hatobeba tena. Vespa yake ya kwendea shamba ameifunika turubai nyuma ya nyumba, na ukutani, kwa makaa, ametia mistari ya miezi. Nilipopita mara ya mwisho ilikuwa minane.